Aliyepima Kilichobaki

Pikipiki yake aliiacha chini korongoni, na kipande cha mwisho cha njia akakipanda kwa miguu. Ndiyo maana walimu wa Fizikia wa upande wetu wa Kondoa hatukuogopa mlio wa pikipiki. Mlio ungeweza kuwa wa muuza samaki, wa bwana shamba, au wa mzazi aliyekuja kumwombea mtoto ruhusa. Tulichoogopa ni ukimya. Mwanafunzi wa dawati la dirishani aligeuza shingo bila sababu, nawe ukageuka, ukamkuta mtu mrefu ameinama kwenye bomba la shule akiosha vumbi la viatu vyake. Aliosha kimoja, akaosha cha pili, akakung'uta suruali, ndipo akanyoosha mgongo na kusubiri kuamkiwa.

Tulimwita Mkaguzi. Cheo hicho kilikuwa kimebadilishwa jina zamani, na kwenye barua za ofisi aliandikwa mthibiti ubora wa shule. Vijana wa ofisini kwake walimkumbusha mara kwa mara, kwa adabu. Aliwajibu kwamba yeye anakagua. Ubora ukiwepo utajithibitisha wenyewe.

Inabidi niseme mapema nilikuwa nani mbele yake, maana hofu yangu ilitokana na hapo. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule moja ya sekondari huko Busi. Nilisoma ualimu wa Fizikia na Hisabati Dodoma mjini, nikasubiri ajira pamoja na wenzangu, na ajira ilipochelewa nikaomba nafasi ya kujitolea ili nisisahau nilichosomea. Shule haikuwa na mwalimu mwingine wa Fizikia. Mwalimu aliyeajiriwa akipata taarifa mbaya ya ukaguzi huitwa akasemwa, au akahamishwa. Sisi wa kujitolea ilitosha sentensi moja: tunakushukuru kwa kujitolea. Mwenzangu wa kata ya jirani alishukuriwa hivyo katikati ya muhula, na darasa lake likakaa bila Fizikia hadi mtihani wa taifa. Basi kila nikisikia habari za Mkaguzi, nilichokiona mbele yangu ni kidato cha nne changu kimekaa mbele ya ubao mtupu.

Alikuwa na siku mbili za kumpima mwalimu. Siku ya kwanza ilitangazwa kwa barua, na alikuja nayo fomu ambayo sote tuliijua: lugha ya kufundishia ni Kiingereza, andalio la somo lipo, zana zipo, sauti inasikika nyuma, muda umetumika. Alikaa dawati la mwisho, magoti yakigusa ubao wa dawati, akatia alama zake bila kuinua uso. Siku hiyo hakuna aliyeanguka. Walimu tulifundisha tumepiga pasi, wanafunzi walinyoosha mikono hadi wakanyanyuka kwenye viti, na zana zilizolala kabatini mwaka mzima zikapanguswa zikang'aa.

Siku ya pili haikutangazwa. Ilikuja baada ya wiki nyingi, mada ile imeshafunikwa na mada nyingine, wakati mwingine hata mavuno yamepita. Aliingia, akamwomba mwalimu chaki, kisha akamwomba atoke nje. Akiwa peke yake na darasa, aliuliza jambo moja tu kutoka katika lile somo la siku ya kwanza, lile lililopigiwa pasi. Mwalimu mmoja mkongwe alimlalamikia kwamba hiyo si haki, watoto wameshasahau. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulinionyesha ulivyofundisha," akamwambia. "Leo napima kilichobaki."

Mtu ambaye hajawahi kutolewa nje ya darasa lake mwenyewe hawezi kujua hofu ile ilivyo. Mara ya kwanza nilisimama chini ya upenu, mgongo ukutani, nikijifanya naangalia wanafunzi wa kidato cha kwanza wakifagia. Nilisikia sauti yake, nzito na ya chini, bila kuyapata maneno. Kisha kimya. Kisha kiti kikaburuzwa, maana yake mtu amesimama. Ni nani huyo aliyesimama? Kama ni yule wa mbele, sawa. Kama ni yule mrefu wa nyuma, Mungu nisaidie. Halafu darasa likacheka. Kicheko kilinitisha kuliko kimya, kwa sababu nilijua jinsi darasa langu linavyocheka mtu akijibu kitu cha ajabu, na sasa sikuweza kujua kama wamecheka jibu, au wamemcheka yeye, au wamenicheka mimi.

Mwalimu wa Baiolojia, rafiki yangu na mtani wangu, alipita akiwa na kikombe cha chai.

"Umetolewa nje? Hukufanya homuweki?"

Akaniletea stuli nikae, akasema mtu anayesubiri adhabu asisimame juani. Utani wake uliisha muhula uliofuata, siku tuliyosikia kwamba huenda mtindo ule ungeanza kutumika kwa Baiolojia pia.

Katika kikao chetu cha kwanza baada ya ukaguzi, Mkaguzi hakuanza na fomu. Aliniuliza kama ninajua neno ninalolitumia mara nyingi kuliko yote darasani. Nilikisia nguvu, nikakisia mwendokasi. Akasema ni "mmeelewa".

"Darasa lako limewahi kukujibu hapana?"

"Hapana, Mzee."

"Kama una thamometa inayosoma nyuzi zilezile kwenye barafu na kwenye chai ya moto, utaifanya nini?"

"Nitaitupa."

"Basi na hilo swali litupe."

Tangu siku ile mdomo wangu ukilifikia neno hilo unasita. Wanafunzi walizoea kuniona nikikatika katikati ya sentensi, nimeshika chaki, natafuta namna nyingine ya kujua kama wapo pamoja nami. Hiyo ilikuwa tabia yake, kukuondolea kitu ulichokiegemea na kutokukupa kingine badala yake. Ukimwuliza uulize nini sasa, alisema wewe ndiye mwalimu.

Na sisi tulijaribu kujikinga. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la walimu wa Fizikia, lililoanzishwa kwa nia njema ya kubadilishana mitihani ya zamani. Baada ya muda likawa kengele. Mtu aliandika kwamba mgeni ameshuka bondeni, mwingine akaandika kwamba mgeni amekula chakula cha mchana kwetu na sasa anaelekea kwenu. Ikafika hatua tukawa tunatumiana hata swali. Katika shule moja Mkaguzi aliuliza kwa nini tanki la maji huwekwa juu ya mnara. Jioni hiyohiyo shule zote za ukanda ule zilikuwa zinaimba jibu la tanki.

Siku chache baadaye aliingia darasa moja, akamtoa nje mwalimu, akawauliza wanafunzi kwa nini punda anayechota maji hufungiwa madumu pande zote mbili. Darasa zima likasimama na kujibu kwa sauti moja, kwa Kiingereza safi, kwamba mgandamizo wa kimiminika huongezeka kadiri unavyokwenda chini. Akawauliza tena, polepole, akaeleza kwa mikono punda na madumu. Wakajibu vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Akawashukuru, akatoka, akamkuta mwalimu wao anangoja kwenye kivuli cha ghala.

"Wamejibu vizuri sana," akamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea swali."

Mwalimu yule alitusimulia mwenyewe kwenye kundi, kwa sauti ya kurekodi, akicheka. Kicheko chake kilikuwa kinakatika. Baada ya hapo kundi lilipooza, si kwa aibu tu. Kila mmoja alijiuliza ni nani miongoni mwetu aliyemwambia Mkaguzi habari za tanki, hata akabadilisha swali makusudi. Pengine hakuna aliyemwambia. Pengine alichoka tu na matanki. Lakini hakuna aliyethubutu kuandika tena, hata mitihani ya zamani ikakoma, na tukawa tunaogopana wenyewe kwa wenyewe kuliko tulivyomwogopa yeye.

Kwa watoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Shule zilimchinjia kuku, kama ilivyo desturi kwa wageni wa aina yake, naye kuku hakumla. Alichukua sahani akaenda kupanga foleni ya makande pamoja na wanafunzi. Wapishi waliona aibu, mkuu wa shule aliona hatari. Kwenye foleni ile alizungumza na watoto juu ya vitu vya hovyo: kwa nini mpini wa mwiko ni wa mti, kwa nini wa mwisho kupakuliwa hupata mchuzi mzito. Walicheka naye. Walimu tulikuwa tunachungulia kupitia dirisha la ofisi, tukijaribu kusoma midomo. Ofisini alikuwa mkavu, lakini kwenye foleni alimwita kila mtoto mwanangu, na mara moja nilimwona akimpunguzia sahani yake kijana aliyefika sufuria limekwisha.

Na alikuwa na hofu yake, ambayo hakuificha. Mchana mmoja wa mwezi wa kwanza wingu lilisimama juu ya milima, radi ikaanza kunguruma. Mkaguzi alikuwa ofisini kwetu akieleza vizuri sana, kwa kalamu na karatasi, jinsi chaji zinavyojikusanya mawinguni. Ngurumo ya pili ikaja karibu zaidi. Akaweka kalamu chini, akavua saa, akazima simu, akaomba kioo cha ukutani kifunikwe kwa khanga.

Mwalimu wa Baiolojia hakuweza kujizuia. Akamwuliza kioo kinahusikaje, kifizikia.

"Hakihusiki," akasema Mkaguzi. "Kifunike."

Tulikifunika. Mvua ilipopungua nilimwuliza, kwa unyenyekevu, inakuwaje mtu mwenye elimu yake aogope radi. Akaniambia kwamba wengi wanaogopa wasichokijua. Yeye anaogopa anachokijua. Alilisema hilo bila kutabasamu, akivaa saa yake.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Watoto wa Busi nyumbani wanaongea Kirangi. Shule ya msingi wanafundishwa kwa Kiswahili, nao wanakishika vizuri. Wakiingia sekondari, asubuhi moja, kila kitu kinageuka Kiingereza. Mwanzoni nilifundisha kama nilivyoagizwa. Waliandika kila nilichoandika, hata nukta zangu, na nilipouliza walinirudishia maneno yangu yaleyale kwa mpangilio uleule. Nikiwageuzia swali kidogo, nyuso zilifungwa. Siku moja, kwa kukata tamaa, nikaeleza msuguano kwa Kiswahili. Darasa likaamka. Mtu akabisha. Mwingine akambishia aliyebisha. Sikuwahi kusikia mwanafunzi wangu akibisha jambo la Fizikia kabla ya siku ile, na nilirudi nyumbani na furaha iliyochanganyika na woga, kwa sababu lugha ya kufundishia ilikuwa kwenye fomu ya Mkaguzi, mstari wa juu kabisa.

Tangu hapo niliandika ubaoni kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili, mlango umefungwa hata kukiwa na joto. Mkuu wa shule alijua. Alisema yeye hajui.

Kisha ikaja tena siku ya pili ya ukaguzi wangu, ile isiyotangazwa. Nimesimama chini ya upenu, na safari hii upepo ulikuwa unatoka upande wa darasa, nikalipata neno moja zima. Nilimsikia Mkaguzi akisema, "Haya wanangu, sasa kwa Kiswahili." Sikujua kama amewahurumia au amewatega, kwa sababu wakijibu vizuri kwa Kiswahili wangekuwa wamenishitaki. Alipotoka alinirudishia chaki, akaomba maji ya kunywa, akashuka korongoni. Hakusema kitu. Mwaka mzima hakusema kitu. Mkuu wa shule alikuwa na imani kwamba akinyamaza ni vibaya; mwalimu wa Baiolojia alisema akinyamaza ni heri, akisema ndiyo vibaya. Nilizisikiliza hoja zote mbili, nikalala vibaya.

Mara ya mwisho alipokuja, ilikuwa inajulikana kwamba anakaribia kustaafu. Viatu aliviosha kama kawaida. Kidato cha nne kilikuwa kimebakiwa na miezi michache kabla ya mtihani wa taifa. Aliniomba chaki, nami nikampa, nikaanza kuelekea mlangoni.

"Leo baki, Mwalimu," akasema.

Nilibaki karibu na ubao, sijui pa kuweka mikono. Akawauliza kwa Kiingereza, taratibu, kwa nini maji ya mtungi wa udongo yanakuwa ya baridi, na kwa nini siku ya upepo yanakuwa ya baridi zaidi. Ilikuwa mada ya mwaka uliotangulia. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kijana mmoja wa mbele alisimama kwa kunionea huruma, akakariri maana ya maji kugeuka mvuke, neno kwa neno kama nilivyowapa, akaketi. Mkaguzi akamwuliza, bado kwa Kiingereza, kwa hiyo mtungi je? Kijana akatazama chini.

Mkaguzi akanigeukia. Hakuwa na hasira wala huruma usoni.

"Sasa waulize wewe. Unavyowauliza siku zote."

Nilielewa kabisa alichoniomba. Nikiwauliza kwa Kiingereza, ningekuwa salama, nao wangeonekana hawajui kitu. Nikiwauliza kwa Kiswahili, ningekuwa nimejitia hatiani mbele yake, kwa mdomo wangu, dakika hiyohiyo. Wanafunzi nao walielewa. Msichana mmoja wa safu ya nyuma alinitikisia kichwa, kidogo sana: usifanye. Nilitazama chaki mkononi mwa Mkaguzi, nikafikiri juu ya mwenzangu wa kata ya jirani na ubao wake mtupu. Kisha nikauliza kwa Kiswahili, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu mgonjwa.

Msichana yuleyule aliyenikataza ndiye aliyesimama. Akasema mtungi una vitundu vidogo, maji yanatoka nje kidogo kidogo, na yanayokauka yanaondoka na joto, yanawaachia baridi wenzao waliobaki ndani. Upepo unayakausha haraka, basi na joto linaondoka haraka.

"Mbona ndoo ya plastiki haipozi?" akauliza kijana wa dirishani, bila kunyoosha mkono.

"Ndoo ina vitundu? Ingekuwa na vitundu ungeteka nini?"

Darasa likacheka. Mwingine akauliza mbona masika mtungi haupozi vizuri, na kabla sijafungua mdomo wakaanza kubishana wenyewe, kwamba masika hewa imeshashiba maji, haipokei mengine. Kwamba siyo kweli, ni kwa sababu masika maji yenyewe yanakuja tayari ya baridi. Kwamba wewe nyamaza, kwenu hamna hata mtungi. Walikuwa wamesahau kama Mkaguzi yupo. Mimi sikusahau. Nilisimama pale nikiwasikiliza, najivuna hadi machozi yananilenga, nimeifinya sketi yangu kwa mikono miwili.

Ofisini mkuu wa shule alimkaribisha kiti, akamweleza kabla hajaulizwa kwamba mimi ndiye mwalimu pekee wa Fizikia aliyenaye, na kwamba wazazi wananitegemea. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mtu. Kisha akaniambia mimi.

"Nitaandika kwamba unafundisha kwa Kiswahili. Ndicho nilichosikia, siwezi kuandika kingine. Na nitaandika kwamba watoto wako wanajua, kuliko shule nyingi nilizopita. Hayo mawili huko ofisini wayasome pamoja."

"Watayasoma pamoja, Mzee?"

Alichukua muda kuikunja fomu yake.

"Naogopa watasoma la kwanza tu, maana ndilo lililo juu."

Akaaga. Niliendelea kufundisha. Kila barua iliyokuja shuleni, mkuu wa shule aliifungua amesimama, nami nilimtazama uso kabla ya kusikia maneno. Hakuna iliyonihusu. Muhula ukaendelea, mtihani ukasogea, nami nikaanza kuogopa kwa namna mbili. Nilihofia nitaondolewa kabla hawajafika. Na usiku nilihofia kitu nilichokiona darasani siku ile na kukikwepa: watoto wangu wanajua, lakini mtihani utawauliza kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza walitazama chini.

Wiki chache kabla ya mtihani nilikwenda Dodoma kuulizia taarifa yangu. Kwenye ofisi niliyoelekezwa niliambiwa mhusika amesafiri, nirudi siku nyingine. Nikauliza watu, nikaelekezwa nyumbani kwa Mkaguzi, mtaa wa Area D. Alikuwa ameshastaafu. Mke wake, mama mnene mwenye sauti ya upole, alinifungulia geti, akaniita mwanangu, akanipokea kimfuko cha ufuta nilichobeba kutoka Busi. Mkaguzi alikuwa nyuma ya nyumba, amevaa kandambili na fulana, anamwagilia mchicha. Nilishtuka jinsi alivyoonekana mdogo, yeye mtu mrefu. Nilimwamkia, akaitikia, akafunga bomba.

Alijua nimefuata nini. Aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye baraza, kwamba na yeye alikwenda kuulizia taarifa yangu. Alipanga mstari kama watu wengine. Kijana wa mapokezi hakumfahamu, akamwambia mzee subiri, akasubiri mpaka mchana. Baadaye kijana mwingine, mmoja wa wale waliokuwa wakimkumbusha cheo chake, akamweleza kwamba taarifa ipo, iko chini ya nyingine nyingi, na hakuna atakayeifikia kabla ya mwaka kwisha.

"Nilikaa kwenye kile kiti cha kungojea," akasema, "mikono inatoka jasho. Nikasema, kumbe ndivyo wanavyojisikia."

Nikasema pole. Kisha ndipo nilipoanza kuielewa habari aliyonipa: walikuwa wameniacha mpaka mtihani. Darasa langu lingekuwa na mwalimu hadi siku ya mwisho. Nilishusha pumzi kwa sauti, na yeye akaisikia.

"Usifurahi bado," akasema. "Ni wiki ngapi?"

Nikamwambia. Akatazama mchicha wake.

"Watafeli, Mwalimu. Nimepima miaka yote hii na sijawahi kuona darasa linalojua vile. Na watafeli, kwa sababu watakaa mbele ya karatasi isiyoongea nao."

Alikuwa ameyasema yale niliyoyakwepa usiku. Nilimwuliza nifanye nini, nikitegemea aniambie kwamba mimi ndiye mwalimu. Hakuniambia hivyo. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na miwani.

"Wilaya nzima nimewaambia walimu wasikaririshe. Wewe nenda kakaririshe. Kuelewa wameshaelewa, kilichobaki ni maneno, na maneno hayaeleweki, yanashikwa. Yule binti wa mtungi alisema nini?"

Nikamrudia maneno ya msichana yule. Akayakumbuka kabla sijamaliza.

"Haya, kwa Kiingereza. Useme wewe, kama utakavyowapa."

Nilifikiri, nikasema. Nilisema kwamba molekuli zenye nishati kubwa zaidi huondoka kwenye uso wa maji na kupunguza wastani wa nishati ya zile zinazobaki. Ilikuwa sahihi. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni.

"Refu mno. Mtoto aliyeogopa hawezi kubeba sentensi hiyo mpaka mwisho wa mstari. Ikate."

Nikaikata. Akasema bado. Nikaikata tena, nikakwama katikati, kwa sababu alikuwa ananitazama, na Kiingereza changu cha shahada kilinitoroka kama kilivyokuwa kinawatoroka wao. Mikono yangu ilitoka jasho. Yake pia haikutulia. Alikuwa anaivua miwani na kuivaa, anaivua na kuivaa.

Mke wake alikuja mlangoni akasema chakula kiko mezani, twende tule kwanza. Mkaguzi akamwambia tunakuja. Kisha akasogeza kiti chake karibu na changu, akaegemea mbele kama mtu asiyetaka jirani asikie.

"Maneno matano," akasema. "Yasizidi. Tena."

Nikasema tena.